Tupeane uzoefu: harusi ya bei nafuu isiyoacha lundo la taka, hapa Dodoma inawezekana?

Binti Makole
Habari za jioni wakuu. Leo asubuhi nikienda kazini nimepita nyuma ya ukumbi mmoja hapa mjini nikakuta mbwa wamejaa kwenye mifuko ya taka ya harusi ya jana. Chupa za maji zimenywewa nusu, sahani za foili zina pilau halijaguswa, na huu upepo wetu wa Agosti umeshabeba vipande vya maputo hadi kwenye michongoma ya jirani. Nikasimama pale nikajiona mwenyewe, maana naolewa mwezi wa kumi.

Kamati imeshakaa vikao viwili. Bajeti milioni 14. Ahadi zilizoandikwa milioni 9. Zilizolipwa laki nane na nusu. Nikasema tupunguze vitu vya kutumia mara moja na kutupa, tutaokoa hela na tutapunguza uchafu. Mwenyekiti, ambaye ni baba yangu mdogo, akanijibu: "Mwanangu, mtu atoe laki moja ya kadi ya dabo, ya watu wawili, halafu umnyweshe maji ya jagi?" Kikao kizima kikacheka. Sijaongea tena tangu siku ile.

Waliowahi kufanya harusi ya namna hii, kwenye mkoa huu huu wa vumbi na maji ya kubahatisha, tupeane uzoefu. Wageni 250. Nawasilisha.

Kigoda cha Mninga
Naweka kigoda hapa. Ngoja waje.

Fundi Turubai
Mimi nakodisha maturubai na viti, nimeona harusi nyingi kuliko padri. Ukweli ni kwamba taka nyingi zinatoka sehemu tatu: maji ya chupa, sahani za kutupa na mapambo. Maji weka madumu ya lita 18 yenye koki, moja kila meza nne, glasi za kukodi. Dumu linarudi dukani. Mwambie baba mdogo ayafunge kitambaa cha rangi ya harusi, atasahau kama ni dumu. Sahani kodi za udongo, ila hesabu mbele ya mwenye sahani na muandikiane, la sivyo utalipia hata zile zilizovunjika harusi ya mwenzako.

Msela wa Ilazo
Si serikali ilishapiga marufuku plastiki 2019? Mnajadili nini?

Fundi Turubai
Ilikuwa mifuko mkuu, kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Chupa hazikuguswa.

Msela wa Ilazo
Sawa mwanasheria.

Mama Pacha
Binti umenikumbusha mbali. Sikutaka kuandika ila hapo kwenye "maji ya kubahatisha" nimecheka peke yangu hadi mapacha wameamka.

Harusi yangu ilikuwa ya nyumbani, Nkuhungu, mwezi wa saba. Mimi na mwenzangu walimu wote, mfukoni hamna kitu, tukajifariji kwamba tunafanya harusi safi isiyo na takataka. Wamama wa jumuiya wakatuazima sahani, kila nyumba ikaweka alama chini ya sahani zake kwa rangi ya kucha. Nyekundu za mama fulani, za zambarau za mwalimu mkuu, na kadhalika. Vikombe hivyo hivyo. Hakuna chupa, hakuna foili. Simtanki la lita elfu mbili tulilijaza Alhamisi. Harusi Jumamosi. Tukajiona tuna akili.

Ijumaa usiku wakaingia shangazi zangu kutoka Kondoa. Kumi na mmoja. Wamekula vumbi njia nzima, na shangazi wa Kirangi haingii kwenye shughuli bila kuoga akatakata. Wakaoga usiku. Asubuhi wakaoga tena. Wapishi nao wakachota ya pilau na ya kuosha nyama. Bomba lilikuwa limekauka tangu Ijumaa mchana. Hakuna aliyepanda kuchungulia tanki.

Saa mbili usiku wameshakula watu kama 140. Sahani zote chafu. Waliobaki 180 wamekaa wanasikia harufu. Binti wa kuosha vyombo akafungua koki, ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Mume wangu, yaani bwana harusi, na suti yake ya kukodi, akapanda boda kwenda kutafuta boza la maji Maili Mbili. MC akaambiwa vuta muda. Akauinua ukoo wa bwana harusi ucheze. Akauinua wa bibi harusi. Akaurudisha wa bwana harusi. Mara ya nne babu mmoja akasema kwenye kipaza sauti, "Sisi tumekuja kula au mazoezi?"

Boza likapatikana, likazama kwenye mchanga wa korongo, mita mia mbili tu kutoka nyumbani. Mume wangu na mpambe wake wakavua makoti wakasukuma. Katika kusukuma, sijui nani alishika wapi, mpira wa nyuma ukachomoka, maji yote yakamwagikia kifuani. Mimi nimekaa jukwaani peke yangu kama nimeachwa. Kuna watu walishaanza kunong'ona kwamba bwana harusi ametoroka.

Aliyeokoa shughuli ni mama mkwe. Mama wa Mvumi, hajasoma hata darasa moja. Akasimama jikoni akasema, "Lini sisi tulikula kila mtu na sahani yake?" Akaagiza masinia yote ya wapishi, pilau likamwagwa juu, sinia moja watu sita, mikono. Sasa mikono wanawe na nini? Ndipo baba mkubwa akakohoa, akaenda stoo, akarudi na katoni kumi na tano za maji ya chupa. Alizinunua kwa siri wiki nzima kabla kwa sababu hakutuamini.

Kwa hiyo harusi ya bila chupa iliokolewa na chupa. Mume wangu alirudi amelowa, amejaa mchanga, wageni wamekaa chini wanakula sinia wanacheka, na hadi leo watu wanasema ile ndiyo harusi waliyokula kwa raha kuliko zote. Picha yetu ya ukutani ni ile ya suti imelowa.

Kigoda cha Mninga
😂😂😂 "Tumekuja kula au mazoezi"

Mjukuu wa Chamwino
Boza alilipa nani?

Msela wa Ilazo
Hii chai. Tena chai ya rangi, haina hata sukari. Boza la maji likazame mita mia mbili, mpira uchomoke, na baba mkubwa awe na katoni stoo? Hizi ni sinema.

Mama Pacha
Kaka, korongo la Nkuhungu unalijua au unaishi Ilazo ya lami?

Msela wa Ilazo
Nalijua. Na shangazi kumi na mmoja hawamalizi lita elfu mbili.

Mwana Kondoa
Unamjua shangazi wa Kirangi wewe? Wanamaliza.

Zabibu Kavu
Tuache utani. Stori ya Mama Pacha inaonyesha kitu ambacho hawa wa "mazingira" hawasemi. Huu mji unapata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mwezi wa kumi ndiyo ukame wenyewe. Kuosha sahani 250 na glasi 250 kwa maji ya boza la kununua, hiyo ni kuokoa mazingira gani? Bora foili.

Fundi Turubai
Foili yenye mafuta ya pilau nani anaichukua? Chupa angalau waokota makopo wanazibeba kabla hakujakucha, wanaziuza kwa kilo. Foili inaishia kuchomwa au tumboni mwa mbuzi. Halafu sahani 250 mimi naosha kwa lita 300, mabeseni matatu: la kwanza kukwangulia na sabuni, la pili suuza, la tatu suuza ya mwisho. La tatu likichafuka linakuwa la pili, la pili linakuwa la kwanza. Anayemaliza tanki ni yule anayeosha huku bomba liko wazi.

Zabibu Kavu
Lita 300 uoshe wewe. Binti wa kukodi saa nne usiku anaosha kwa lita 1,000.

Fundi Turubai
Basi muajiri mtu mzima.

Mpishi wa Zamu
Nyote mnabishana kuhusu sahani, sufuria hamlioni. Pilau la watu 250 kwa mkaa ni magunia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa kuni na mkaa mwisho Januari 2024, ila harusi si taasisi kwa hiyo tunachoma tu. Mimi nilishahamia gesi, majiko makubwa mawili, na moshi wa kuwatoa wageni machozi hakuna. Ila mwezi wa kumi na upepo huu lazima ujenge kizuizi cha mabati, vinginevyo gesi yote inapasha hewa. Na jambo jingine: pika kwa watu 200 kama umealika 250. Sijawahi kuona kadi zote zikija.

Mama Mdogo wa Kisasa
Usimsikilize huyo! Ukipungukiwa chakula wewe ndiye utakayesemwa miaka kumi, si yeye. Pika cha 280.

Mpishi wa Zamu
Na hicho cha 80 unakipeleka wapi mama?

Mama Mdogo wa Kisasa
Kwa nguruwe wangu. Nina wanane. Nakuja na ndoo zangu mwenyewe, hamlipi kitu.

Mjukuu wa Chamwino
😂 Kumbe ana maslahi. Ila boza alilipa nani jamani?

Mwalimu wa Baiolojia
Naomba mjifunze kwangu. Harusi yangu tuliamua zawadi ya mgeni iwe mche wa mti badala ya vile vikombe vyenye picha za maharusi. Miche 200, mipera na miarobaini, kila mmoja na kadi yenye majina yetu. Ilikuwa Julai. Asubuhi yake nimerudi ukumbini kurudisha vitambaa nikakuta miche 140 imelala chini ya meza, mingine imetumika kuzimia sigara. Nilikaa na toroli wiki nzima nikiwapelekea majirani. Mpaka Oktoba ilikuwa imebaki hai kama thelathini, maana nani anamwagilia mche wa harusi ya mtu kiangazi? Ukitaka kugawa miti, olewa Desemba mvua zikianza.

Dada wa Hombolo
Mwezi wa kumi wewe gawa zabibu kavu kwenye karatasi. Msimu mkubwa wa zabibu ni Agosti na Septemba, unanunua fresh kwa mkulima, unazianika mwenyewe. Sisi tulifanya hivyo, hakuna aliyeacha chini ya meza. Juisi nayo tulitengeneza ya zabibu na ya ubuyu, kwenye ndoo kubwa zenye koki. Soda tuliweka kreti chache tu za chupa za kioo kwa ajili ya wazee.

Mume Mtarajiwa
Mapambo je? Mpambaji ametuambia milioni mbili na nusu, maua yote ya plastiki, na anayabeba mwenyewe baada ya shughuli.

Dada wa Hombolo
Akibeba mwenyewe si taka, ni mali yake. Tatizo ni maputo, zile karatasi za kumetameta na povu la kupulizia. Hayo yakatae. Maua kata bogenvilia, Dodoma zimejaa kila ukuta, bure.

Fundi Turubai
Bogenvilia ukikata asubuhi, saa sita imesinyaa kama karatasi ya choo. Nimeona kwa macho, bibi harusi alilia. Kodi mimea ya kwenye vyungu kwa wenye vitalu vya barabarani, siku mbili tatu. Wengine wanakuachia kwa elfu mbili tatu kila chungu ukiweka dhamana.

Mzee wa Mnadani
Mbuzi nenda mnada wa Msalato Jumamosi, usinunue kwa dalali. Na muziki tafuta kina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo. Harusi ya mwanangu umeme ulikatika saa tatu, watu wa jenereta wakakimbia kutafuta mafuta, zile ngoma hazikujua kama umeme umekatika. Wamama wale walipiga hadi saa sita.

Mume Mtarajiwa
Mchumba wangu ni wa Moshi, muheme watauelewa?

Mzee wa Mnadani
Mkiwapa ndafu wataelewa chochote.

Binti Makole
Jamani ahsanteni, nimesoma zote. Leo nimemsomea baba mdogo stori ya Mama Pacha kwa simu. Alicheka sana. Kisha akanyamaza, akauliza, "Huyo baba mkubwa wake alinunua katoni ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema basi tukubaliane: madumu mezani, na yeye ataweka katoni kumi stoo kwake, tusipozihitaji atakunywa mwenyewe. Sahani tunakodi. Mabeseni matatu nimeyaandika kwenye bajeti. Boza limelipiwa kabisa, linakuja Ijumaa, na nimeomba sehemu ya kulala shangazi iwe nyumba nyingine kabisa.

Maputo bado tunapigana. Shangazi wa kamati ya mapambo ameshayanunua.

Mama Mdogo wa Kisasa
Chakula mnapika cha wangapi?

Binti Makole
220.

Mama Mdogo wa Kisasa
Haya. Nakuja na ndoo mbili tu basi.

Mjukuu wa Chamwino
Nauliza kwa mara ya tatu. Boza. Alilipa. Nani?

Mama Pacha
Jamani! Dereva hakulipwa hela. Tulikuwa tumeishiwa kabisa. Dereva alikaa kwenye sinia na wazee, akala, akacheza muheme, akaondoka na mguu wa mbuzi umefungwa kwenye gazeti. Siku hizi ndiye anayetuletea maji, na kila akija anauliza mapacha wanaendeleaje.

Msela wa Ilazo
Chai.