Herodotus: Baba wa Historia au mpiga soga?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, ndiye aliyemwita Herodotus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, Baba wa Historia, na mpaka leo tunawakaririsha wanafunzi. Lakini bwana huyu kaandika kwamba India kuna siafu wakubwa kuliko mbweha, wanachimbua mchanga wenye dhahabu! Thucydides, Mgiriki mwenzake, alikuwa jemadari katika vita alivyoviandika, vile vya Athens na Sparta, na akahoji watu wa pande zote mbili. Kwa nini cheo kisiwe chake? Herodotus aliokota hadithi za vijiweni tu.

Kijana wa Pangani: Vijiweni? Hapo umenikera, mkuu. Habari za masultani wa Kilwa zilipita midomoni mwa wazee kabla hazijatiwa wino. Nazo ni porojo?

Mwalimu wa Zamu: Nimemtaja Mgiriki, sikuwataja wazee wa Kilwa. Usinilishe maneno.

Bint Tumbatu: Hukuwataja ila umewagusa. Herodotus kasema wazi: kazi yake ni kueleza aliyoambiwa, si kuyaamini yote. Someni kisa cha Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon. Farao Neko aliwatuma kutoka Bahari ya Shamu waizunguke Afrika. Msimu wa kupanda ukifika wanashuka pwani, wanapanda nafaka, wanangoja mavuno, kisha wanang'oa nanga. Mwaka wa tatu wakarudi Misri kupitia mlango wa bahari wa Gibraltar, wakasema huko walikozunguka jua lilikuwa mkono wao wa kulia. Herodotus alikataa kuliamini hilo, lakini akaliandika! Na ukielekea magharibi kule kusini, jua la adhuhuri liko kulia kweli. Angelifuta, tungelikosa.

Nahodha Mstaafu: Basi walipita pwani yetu zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Vasco da Gama! Mbona shuleni tulianzishiwa na Mreno?

Mwalimu wa Zamu: Leteni kigae kimoja cha Kifoinike kilichofukuliwa pwani yetu. Jua si ushahidi wa kuzunguka bara zima. Hata hapa Dar mwezi Juni adhuhuri liko kaskazini, si lazima ufike mwisho wa bara; simama uani utazame kivuli chako.

Kijana wa Pangani: La vijiwe bado hujajibu. Na huyo Thucydides wako kakiri mwenyewe kwamba hotuba ilikuwa vigumu kuzikumbuka neno kwa neno, akaandika yaliyomfaa kila msemaji. Kumtungia mtu hotuba ni historia, kusimulia ya wazee ni soga?

Mwalimu wa Zamu: Thucydides aliugua yeye mwenyewe ile tauni iliyoikumba Athens wakati wa vita, ndugu yangu! Akaorodhesha joto la kichwa, macho mekundu, kiu isiyokatika. Hakusimuliwa na mtu.

Bint Tumbatu: Na Herodotus alifika Misri kwa miguu yake, akawauliza makuhani. Hilo unaliruka kila mara.

Nahodha Mstaafu: Tauni iacheni kwanza, turudi kwa safari ya Wafoinike. Upepo wa kaskazi ukishika kuanzia Desemba, chombo kinateremka pwani hii bila shida. Kasheshe ni kusini mwa Msumbiji, kaskazi haifiki huko. Aliyewahi kusafiri maji yale atueleze upepo wake.