Tupeane uzoefu: machela ya kambini unaifunga na nini, na kipi huwa kinafyatuka?

Mlinzi wa Kambi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaolala kwenye machela, ile ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Habari za kitambaa tumezimaliza. Kinachomwangusha mtu mara nyingi ni kile kilichopo kati ya kitambaa na mti. Semeni mnachotumia, kinashindwa wapi na kwa nini.

Naanza mimi. Mkanda wa poliesta wenye upana wa sentimita 2.5, mita 3 kila upande, unaishia kwenye bizimu ya kubana. Kurekebisha ni sekunde tano. Ubaya wake: mkanda ukiwa mwembamba au laini kuliko ule bizimu iliotengenezewa, unateleza kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi kichwa kiko chini kuliko miguu. Dawa ni kupiga nusu fundo lenye kitanzi nyuma ya bizimu, halafu kukalia polepole kabla ya kupandisha miguu.

Nusu Fundo
Naunga mkono. Bizimu bila nusu fundo nyuma yake silali.

Dada wa Pori
Kwangu ni wupi. Kwa asiyeijua: ni kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki imara sana) yenye uwazi ndani, unene milimita 2.8, ncha moja imepitishwa ndani ya kamba yenyewe ikawa kitanzi cha kurefusha na kufupisha. Jozi nzima inaenea kwenye kiganja, na kamba hiyo ikiwa mpya hukatika ikipita kilo 700. Kwenye mti lazima itangulie mkanda mpana, Dyneema isiguse gome.

Wengi wanakosea hapa: ukishaifupisha, shika pale kamba ilipoingia ndani ya nyingine, ukamue kwa vidole kuelekea mwisho wa ala, yaani ile kamba ya nje, kama unayekamua chuchu ya ng'ombe, mpaka ala ilale na kushika. Usipokamua, ala inabaki imevimba na haibani chochote mpaka uzito ushuke ghafla.

Mzee wa Mikanda
Ngoja niwape kisa cha jamaa mmoja wa kilo 90, maana nikisoma "mtu anaangushwa" ndicho kinachonijia.

Alifunga kwa kamba ya parashuti, ile ya kuhimili kilo 250 ikiwa mpya, akaikunja mara mbili. Akapiga hesabu: 250 mara mbili ni 500, mimi ni 90, basi. Halafu akaivuta machela mpaka ikanyooka, kwa sababu hakutaka kulala kama ndizi. Kosa lilianzia hapo. Kamba ikiteremka kwa pembe ya nyuzi (digrii) 30 kutoka usawa, kila upande unabeba uzito wako wote, kilo 90. Ikiteremka kwa nyuzi 10 tu, kila upande unabeba karibu kilo 260. Na fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hadi nusu, kwa hiyo 500 yake ilikuwa inakaribia 250. Alilala kwenye ukingo bila kujua.

Usiku mvua ikanyesha. Kamba ile ni ya nailoni, na nailoni ikilowa inavutika. Machela ikashuka mpaka mgongo ukawa karibu unagusa majani. Akatoka na tochi, akaikaza tena, safari hii zaidi ili isishuke. Pembe ikaingia kwenye nyuzi 7 hivi, sawa na kilo 370 kila upande. Akaingia, akageuka ubavu, ikakatika palepale kwenye fundo, upande wa kichwa. Alitanguliza mgongo na kisogo. Chini kulikuwa na mzizi.

Kuna mbavu zilivunjika, ila alipona. Mti nao ulibaki na mfereji kwenye gome, kina cha nusu ukucha, pale kamba ilipokuwa inasaga.

Kiberiti
Mungu wangu, kisogo! Kumbe kila alipokaza alikuwa anaikata mwenyewe.

Nusu Fundo
Mzee, nyuzi 30 nitazipimaje gizani?

Mzee wa Mikanda
Kwa mkono. Nyoosha kidole cha shahada kiwe sawa na ardhi, simamisha gumba, weka mkono kando ya mkanda. Mkanda ukipita kwenye ncha ya shahada na ncha ya gumba, uko karibu na nyuzi 30. Ukipita chini ya gumba, legeza.

Dada wa Pori
Na wekeni kamba ya mgongo, ile ya juu inayounganisha ncha mbili za machela. Urefu wake ni asilimia 83 ya urefu wa machela: kitambaa cha mita 3.3 kinataka kama mita 2.75. Hapo mkunjo wa kitambaa haubadiliki hata miti ikisogea. Ukiwa ndani, ishike kwa vidole viwili uipinde. Ikikataa kabisa kupinda kama waya wa gitaa, mikanda yako imekazwa mno.

Bila Chuma
Bizimu, karabina (pete ya chuma yenye mlango wa springi), wupi, vyote vya nini? Machela inakuja na kitanzi kila ncha. Pitisha mkanda ndani ya kitanzi kutoka chini, uzungushe nyuma ya miguu yote miwili ya kitanzi, kisha uchomeke chini ya mkanda wenyewe, ukiacha kishikio cha kuvutia. Imeisha. Chuma hakuna.

Dada wa Pori
Imeisha ikiwa mkanda ni mkavu na mikono ina joto. Ukilowa, fundo hilo linauma mpaka utumie meno.

Bila Chuma
Linauma kwa sababu hukuacha kishikio. Na wupi yako kwenye miti iliyokaribiana utaifanyaje? Ina urefu ambao haipungui chini yake. Mti ukiwa karibu, machela inagusa ardhi.

Dada wa Pori
Miti ya karibu naiacha, natafuta mingine. Mtu asiache vifaa vizuri kwa sababu ya mti mmoja.

Mlinzi wa Kambi
Jamani, nyote mnashika uzito. Mwenye swali la urefu wa mkanda aseme.

Kiberiti
Mimi. Mita 3 zinatosha?

Mzee wa Mikanda
Inategemea mti. Shina la sentimita 40 linakula karibu mita 1.3 kulizunguka tu. Miti ikiwa umbali wa mita 4.5, machela ya mita 3.3 inahitaji karibu mita moja zaidi kila upande, unabaki na mkia wa kufungia. Umbali ukifika mita 6, inahitaji karibu mita 1.9, na mita 3 hazifiki. Chukua mita 4.5. Kumbuka pia kila mita inayoongezeka kati ya miti inapandisha mkanda kama sentimita 29 kwenye kila shina, vinginevyo pembe inapotea.

Kiberiti
Na karabina ndogo za kuning'inizia funguo?

Nusu Fundo
Hapana! Hizo hunyooka. Tumia iliyochapwa nguvu yake ubavuni, kN (kilonyutoni) 20 na zaidi, yaani kama kilo 2,000.

Bila Chuma
Mvua ikianza, maji hufuata mkanda mpaka kwenye kitambaa. Funga uzi wa pamba kwenye mkanda, chini ya turubai, karibu na machela, ncha ining'inie sentimita 10. Maji yanashuka hapo. Na kabla ya chochote, inua kichwa juu: tawi kavu likiwepo, hamia miti mingine.