Naomba ushauri: bibi wa duka afe kipindi cha ngapi?
Habarini wanajamvi. Katika muswada wa katuni yetu ya vichekesho, msimu wa 6 wenye vipindi 10 vya dakika 22, bibi muuza duka anakufa. Watazamaji wanampenda mno. Kifo tulikiweka kipindi cha 9, msimu ukaisha kabla ya matanga. Tukakirudisha cha 3, vipindi viwili vilivyofuata vikapooza, maana nusu ya utani hupitia dukani kwake.

Katuni ya Marekani ya Family Guy walimuua Brian, mbwa wa familia, tarehe 24 Novemba 2013, wakamrudisha 15 Desemba. Hilo sitaki, ni danganya toto. Kifo cha Maude Flanders, jirani katika katuni nyingine ya The Simpsons, 2000, kilibaki kifo. Majonzi akayabeba mumewe.

Je, afe kipindi cha ngapi? Na duka lirithiwe na mhusika wa zamani au mgeni?