Natapika dawa za homa ya ini C na bado nina wiki tisa mbele. Naombeni ushauri

Mama Wawili, Tanga
Habarini ndugu zangu. Nina miaka 38, watoto wawili. Nimeanza dozi ya homa ya ini C, kidonge kimoja kwa siku chenye sofosbuviri miligramu 400 na velpatasviri miligramu 100, kwa wiki 12. Leo nimetimiza wiki ya tatu.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichwa na uchovu tu. Ya pili kikaja kichefuchefu, na hakijaondoka. Nameza saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, halafu nakaa kwenye karai maana biashara yangu ni vitumbua. Nimetapika mara mbili. Juzi nilimeza, haikupita nusu saa nikakiona kidonge kwenye beseni, bado kizima. Sikumeza kingine, niliogopa kuzidisha dozi. Mume wangu akaninunulia vile vidonge vyeupe vya kiungulia vya kutafuna, sasa natumia vyote kwa pamoja na napata nafuu kidogo.

Jirani ananishauri niache wiki moja mwili upumzike. Nilihangaika sana kuzipata dawa hizi na sitaki kuziharibu. Aliyepitia haya naomba anisaidie.

Bin Rajabu
Pole sana dada. Usiache hata siku moja. Mimi nimepona, nilitibiwa Mombasa. Virusi nilivipata kwenye sindano za kuchangia enzi natumia unga, na dozi niliianza nikiwa tayari kwenye methadoni, dawa ya kuacha unga. Methadoni nayo inachefua, kwa hiyo asubuhi nikimeza vyote viwili nilikuwa silijui jua wala kivuli. Nesi akanihamishia kidonge cha ini usiku, baada ya chakula. Kichefuchefu kikija kinanikuta nimelala. Kwangu hicho ndicho kilichosaidia kuliko vyote.

Mfamasia Zamu ya Usiku
Dada, kabla ya yote: hivyo vyeupe usivimeze pamoja na dawa yako. Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini, na dawa ya kiungulia inaiua asidi hiyo. Ukisikia nafuu leo, huenda dawa haifanyi kazi yake sawasawa. Viachanishe kwa saa nne. Omeprazoli ndiyo mbaya zaidi kwa mchanganyiko wako, usiiguse bila daktari wako kujua. (Wanaotumia sofosbuviri na daklatasviri hawana tatizo hili, kwa hiyo msichukuliane ushauri bila kusoma jina kwenye chupa.)

Kuhusu kutapika: kwa dawa yako, ukitapika ndani ya saa tatu tangu umeze, unameza kingine. Zikipita saa tatu, hurudii, unasubiri dozi ya kesho. Juzi ulipaswa kurudia, lakini usilipize leo kwa kumeza viwili. Nenda kliniki uwaeleze, wakuongezee vidonge, la sivyo utapungukiwa mwishoni. Usikisage wala kukitafuna, ni kichungu na kitakutapisha zaidi. Na waulize kuhusu dawa ya kuzuia kutapika, zipo zinazoendana na yako.

Samahani kwa swali hili: umepima mimba? Mwanamke wa miaka 38 anayetapika asubuhi, tusikimbilie kuilaumu dawa peke yake. Ulipimwa pia homa ya ini B kabla ya kuanza? Tiba ya C inaweza kuiamsha B iliyolala. Macho yakiwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, ukitapika damu, ukapata choo cheusi au ukaanza kuchanganyikiwa, usisubiri kuche.

Mzee wa Shamba
Mwanangu, chemsha muarubaini unywe kutwa mara mbili, unasafisha ini.

Mfamasia Zamu ya Usiku
Mzee wangu, shikamoo. Najua unamtakia heri, lakini kwa wiki hizi 12 naomba asiongeze mti wowote. Hata dawa za hospitali zipo zinazoivunja nguvu dozi hii, kama rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa. Mti ambao hatujui unafanya nini na dawa hii, tusimjaribie yeye.

Shangazi Pangani
Mwanangu, tatizo jingine umelitaja mwenyewe hukuliona. Tumbo tupu, dawa, kisha moshi wa mafuta ya moto usoni! Hata mzima angetapika. Mtafute mtu akushikie karai japo wiki mbili. Wewe ukiamka kaa kitandani kwanza, tafuna kipande cha kiazi kitamu kilicholala au mkate mkavu, kisha chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Kula kidogo kidogo. Uji wa mchele mwepesi ukiwa vuguvugu hauna harufu ya kukukera. Siku ukitapika, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, unywe kwa funda ndogo ndogo.

Mama Wawili, Tanga
Ndugu zangu, siku tisa zimepita, nimerudi. Kliniki wamenipa vidonge viwili vya ziada na wamenipangia namna ya kuhamia saa mbili usiku, baada ya chakula. Mimba hakuna. B nilipimwa mwanzoni, sina. Vyeupe nimeviacha. Mume wangu ndiye yuko kwenye karai, na wateja wamemzoea. Kichefuchefu bado kinanigusa asubuhi nyingine, ila sijatapika tena. Zimebaki siku 54. Nikimaliza ndiyo nimepona?

Bin Rajabu
Alhamdulillah. Hapana, subiri kwanza. Kipimo kinachosema umepona kinachukuliwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Andika tarehe hiyo leo ukutani, maana ukishajisikia vizuri ni rahisi kuisahau. Mimi yangu niliandikiwa na mama, kwa mkaa, nyuma ya mlango.

Mama Wawili, Tanga
Nimeiandika.