Mwanafunzi kaniuliza: waliochora Kolo ni babu zetu?

Mwalimu wa Chemba
Habari zenu wana Dodoma. Naomba mnisaidie, jambo hili limenikaa rohoni.

Nafundisha Historia sekondari huku Chemba. Mwezi uliopita tulichangishana nauli, tukawapakia vijana 31 kwenye Coaster mpaka Kolo, kule Kondoa, wakaone michoro ya kale ya miambani. Pale ofisi ya Mambo ya Kale tulipewa mwongozaji, tukapanda Mongomi wa Kolo, mlima wenye jabali lililochorwa. Mnaopajua mnaujua ule mlima wa mwisho, unakwea huku umeshika mawe.

Tulipofika chini ya jabali, vijana walinyamaza wenyewe. Kuna watu wembamba mno, warefu, rangi ya damu iliyokauka, nywele zimechorwa mstari mmoja mmoja kana kwamba aliyechora alikuwa na siku nzima ya kukaa na kichwa kimoja. Sasa mgeni wa kundi jingine akafungua chupa ya maji akamwagia ukuta ili picha yake itoke vizuri. Rangi ikawaka kama ya jana. Mwongozaji alipiga kelele, lakini maji yalishateremka. Sijapata kuumia vile mbele ya wanafunzi.

Ndipo binti mmoja Msandawe, ambaye njia nzima hakufungua kinywa, akaniuliza: "Mwalimu, hawa ni babu zetu? Bibi anasema ni wetu." Wenzake Warangi wakacheka, wakasema Kolo ni kwao. Nikamwambia tutajadili darasani. Wiki tatu zimepita na sijamjibu. Nimjibu nini?

Mjukuu wa Irangi
Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mrangi, nimezaliwa karibu na Kolo. Wazee wetu hawakudai kuchora ile michoro myekundu. Walihamia wakaikuta. Lakini Mongomi si ukuta wa picha tu kwetu. Mvua ikikawia, wazee hupanda na pombe ya mtama kufanya tambiko, na wagonjwa hupelekwa pia. Kwa hiyo vijana waliosema Kolo ni kwao hawakudanganya, ila kucheka walikosea.

Na maji ni kidogo, Mwalimu. Kuna watu wamechimba chini ya yale mawe wakitafuta dhahabu eti ilifichwa na Wajerumani. Wanachovuruga ni udongo wenye historia yote ya waliokaa pale.

Kokoto
Nilisoma akiolojia, niongezee hapo kwa Mjukuu, maana hilo la udongo ndilo kubwa.

Nyekundu ile ni ngeu, ile ile mafundi seremala wa zamani waliyopakia uzi wa kupimia. Ni madini ya chuma, haina kaboni, ndiyo maana huwezi kuipima umri moja kwa moja kama mkaa. Inabidi uchimbe chini. Kisese, si mbali na hapo, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1951 na Ray Inskeep mwaka 1956. Zilitoka shanga za ganda la yai la mbuni, na vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa nyingine zimepita miaka 40,000. Ukichimbua shimo la dhahabu ya hadithi, unachanganya tabaka hizo kama uji.

Kuhusu nani: michoro myekundu myembamba, yenye twiga, tembo na pofu, inahusishwa na wawindaji na wakusanya matunda, jamaa ya Wasandawe na Wahadza. Ile myeupe minene, ambayo Pahi utaiona kwa wingi, ni ya baadaye, ya wakulima wa Kibantu. Palipo na zote mbili, nyeupe hupanda juu ya nyekundu. UNESCO walipoiweka Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, walizingatia pia kwamba watu bado wanatambika pale.

Angalizo moja: Kisandawe na Kihadza vyote vina vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi, lakini usimwambie mtoto kwamba ni lugha ndugu.

Mama Farkwa
Mwalimu, mwambie mwanangu huyo bibi yake yuko sawa.

Mtafiti Eric ten Raa alikaa kwetu Usandawe miaka ya 1960, na mwaka 1971 aliandika kwamba Wasandawe walikuwa bado wanakumbuka uchoraji, uliokwenda pamoja na kuwinda na kutambikia koo. Kuna mchoro Kolo wa mtu anayevutwa mikono pande mbili. Leakey aliona mwanamke anatekwa. Mimi nimekulia kwenye simbo, ngoma yetu ambayo mchezaji hupandwa akawa simba, na wenzake humshika asianguke. Nilipouona ule mchoro sikuona utekaji. Niliona watu wanamshika mwenzao. Wapo watafiti nao wanaousoma hivyo.

Mwalimu wa Chemba
Asanteni sana, na Mama Farkwa Mungu akuweke. Leo nimemjibu mbele ya darasa lote: nyekundu wanaijua bibi zako, nyeupe inatufikia sisi Wabantu, na mlima ule Warangi wanautunza kwa tambiko. Hakuna aliyecheka. Jioni alinifuata ofisini akasema bibi yake anaweza kuja kutusimulia simbo, ila ana ombi. Hajawahi kufika Kolo, anataka apelekwe kwanza. Tumeanza kuchanga nauli yake.