MREJESHO: Programu ya kujifunza Biblia, nikiwa peke yangu na familia

Wakuu, niliwauliza nitamaliziaje programu ya simu ya kujifunza Biblia, ninayoitengeneza peke yangu, huku duka la Mwanga, hapa Kigoma, na watoto vinanisubiri. Nimeshika ushauri wa alfajiri: naiandika programu kabla ya adhana, jioni simu inakaa juu ya kabati.

Mama watoto ndiye mkaguzi. Alifungua Zaburi ya 119, mistari 176, simu ikaganda! Sasa inafunguka mistari minane minane, kama zaburi yenyewe ilivyopangwa. Maandiko yote yako ndani ya simu, maana wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wakiwa ziwani mtandao haushiki.

Pesa bado. Matangazo nimekataa, tangazo la kubeti katikati ya Isaya, hapana jamani. Nasubiri kibali cha wenye haki ya tafsiri ya Biblia.