Fo-wili kwenye theluji: gumzo la kikundi cha familia

Rehema: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Jamani huku theluji imeanza, tangu mchana inashuka haikati na kesho alfajiri nina zamu. Sa si nilinunua hii gari ya AWD, muuzaji akasema ni fo-wili muda wote, yani injini inasukuma tairi zote nne, haina haja ya kubonyeza chochote, kwa hiyo niko salama eti? Kaka Idi upo?

Ba Mdogo Salum: Marahaba mwanangu. Na fo-wili hiyo usiwe na wasiwasi kabisa. Mimi nimeendesha kwenye tope la magotini, ukishaingiza fo-wili gari linapanda tu huku wenzako wanasukuma. Theluji ni tope jeupe.

Juma: tope jeupe 🤣🤣🤣

Shangazi Mwana: Rehema si uombe ruhusa kesho ukae ndani mwanangu

Rehema: Shangazi kazi yenyewe nimeanza juzi tu hapa nitaombaje

Kaka Idi: Nipo, nilikuwa naendesha. Ba Mdogo shikamoo, naomba nikupinge kidogo kwa heshima zote. Rehema sikiliza, fo-wili inakusaidia KUONDOKA. Kusimama haikusaidii hata chembe. Manake kila gari, hata lile linalovutwa na tairi mbili za mbele, breki zake zinakamata tairi zote nne, sa wewe wa AWD umemzidi nini mwenzio mkifunga breki? Hakuna. Na hapo ndo mtego ulipo, gari la kawaida linakuonya mapema, ukikanyaga mafuta tairi inazunguka bure unajua leo barabara mbaya. La AWD linaondoka vizuri utadhani lami kavu, unafika 60 unajiona bingwa, alafu mbele taa inawaka nyekundu ndo unagundua ulikuwa unatembea juu ya sabuni

Rehema: 😳 sa niende spidi gani

Kaka Idi: Spidi haina namba moja, angalia barabara. Ila ngoja nikupe hesabu uone. Uko 50 kwa saa. Lami kavu ukifunga breki unasimama kwenye mita kama 14, hapo sijaweka muda wa wewe kushtuka. Theluji iliyoshindiliwa na magari ni kama mita 40. Barafu tupu inakaribia 100. Na hiyo ni sawa kwa mwenye fo-wili na asiye nayo, kinachoshika barabara ni raba ya tairi, injini haihusiki hapo

Juma: mita 100 si uwanja wa mpira huo jamani

Ba Mdogo Salum: Idi hizo hesabu za kwenye makaratasi. Sisi watu wa rali tunakumbuka, lile gari la Audi Quattro lilivyotoka watu walicheka eti fo-wili ya nini kwenye mashindano, zito lile. 1981 dereva Hannu Mikkola akashinda nalo Rali ya Sweden na kule ni theluji mwanzo mwisho! Unasemaje hapo?

Juma: Ba Mdogo kaingiza fo-wili 😂

Kaka Idi: Hahaha hapo Ba Mdogo umenishika, ni kweli alishinda. Ila kule wanakimbia na tairi za misumari, vyuma vimepachikwa kwenye raba vinang'ata barafu. Mvue Mikkola zile umvalishe tairi za kiangazi kama hajaishia msituni kona ya kwanza. Kwa hiyo wewe na mimi tunasema jambo moja, ni tairi

Ba Mdogo Salum: Mmh. Endelea.

Kaka Idi: Rehema gari lako lina tairi gani?

Rehema: Nyeusi 🙈

Juma: 💀

Kaka Idi: Shuka ukapige picha ubavuni. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kuna chembe ya theluji. Hiyo ndo tairi iliyopimwa kwenye theluji ikafaulu. Ukikuta herufi M+S, yani matope na theluji, peke yake usijidanganye, hizo mwenye kiwanda anajiandikia mwenyewe bila mtihani wowote

Rehema: Ngoja nivae koti

Shangazi Mwana: Hivi Idi kwani tairi si tairi tu, tofauti iko wapi

Kaka Idi: Raba yenyewe Shangazi. Tairi ya kiangazi baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, inakuwa ngumu inateleza hata kama hakuna theluji yoyote. Ya baridi imetengenezwa ibaki laini, alafu ile michirizo midogo midogo kwenye meno yake inang'ang'ania theluji. Ndo maana gari la kuvutwa na tairi mbili lenye tairi za baridi linasimama na kukata kona vizuri kuliko AWD yenye tairi za kiangazi. Watu hawaamini hili mpaka waone kwa macho, anatoa hela nyingi kununua fo-wili alafu tairi anabana

Rehema: [picha] Nimeona M+S. Mlima sioni, nimezunguka zote nne. Na kuna mbili zinaonekana zimekwisha kuliko nyingine

Kaka Idi: Mbili zimekwisha zaidi?? Hiyo nayo ishughulikie. AWD inataka tairi nne zinazolingana, aina moja na meno yaliyoisha sawasawa, manake mbili zikiwa ndogo zinazunguka haraka kuliko wenzake na mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi bila kupumzika mpaka unaungua. Na usije ukashawishiwa ununue mbili tu za baridi ufunge mbele, mkia wa gari utakupita kwenye kona

Ba Mdogo Salum: Hilo la kulingana nakubali, hata sisi difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi, zilikufa kwa ajili hiyo. Sa Rehema ukiteleza usikanyage breki moja kwa moja, piga piga, kanyaga achia kanyaga achia.

Kaka Idi: Ba Mdogo hiyo ilikuwa sahihi kwa magari yenu yasiyo na ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. La Rehema lina ABS, lenyewe ndo linapiga piga kuliko mguu wa mtu. Rehema ukifunga breki ya dharura utasikia pedali inatetemeka na kuguruma chini ya mguu, usiogope usiachie, kandamiza hivohivo na uendelee kukata usukani unakotaka kwenda. Wengi wanashtuka na ule mtetemo wanatoa mguu, wanagonga

Rehema: Na nikiwa kwenye kona?

Kaka Idi: Kona ndo pa kuogopa. Punguza spidi KABLA hujaingia, wakati usukani bado umenyooka. Ukishakuwa ndani ya kona usikanyage kitu kwa nguvu, wala mafuta wala breki. Ukizidisha mafuta AWD nyingi zinasukuma pua nje, unakata usukani na gari linaenda zake moja kwa moja. Hapo watu wanazidi kukata, kosa, tairi zimeshapoteza mshiko hata uzungushe usukani mara tatu. Toa mguu polepole, rudisha usukani kidogo, subiri zishike. Kama ni nyuma ndo inateleza, angalia unapotaka kwenda na upeleke usukani hukohuko, macho yako yasiwe kwenye nguzo manake utaifuata

Juma: hii somo bora niifanyie skrinshoti

Kaka Idi: Na madaraja. Daraja linaganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inapita juu na chini yake. Barabara inaweza kuonekana imelowa tu kumbe ni barafu nyembamba isiyoonekana, na ile inateleza zaidi baridi ikiwa karibu na sifuri kuliko ikiwa kali sana. Usiwashe cruise control kabisa, ile inayoshikilia spidi yenyewe. Aliye mbele yako mwachie sekunde 8 mpaka 10

Shangazi Mwana: Na kama gari likinasa njiani akawasha hita akae ndani? Mi nasikiaga watu wanakufa na moshi

Kaka Idi: Umesema la maana Shangazi. Rehema ukinasa hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji kabla hujawasha injini, manake ile gesi haina harufu, unasinzia tu. Chimbua bomba kwanza, washa kidogo upate joto, zima. Weka koleo, blanketi na tochi kwenye buti. Na kujinasua usikanyage mafuta tairi ikazunguka hovyo, unajichimbia shimo. Mbele kidogo nyuma kidogo, polepole, na kile kitufe cha traction control, mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure, ukizime kwa muda kama gari linakata nguvu

Ba Mdogo Salum: Afunge minyororo si amalize kazi.

Kaka Idi: Asome kitabu cha gari kwanza, kuna AWD hazina nafasi ya mnyororo, unakata mabomba ya breki. Pia Rehema upepo wa tairi uangalie, joto likishuka nyuzi 10 unapoteza kama psi 2, hicho ndo kipimo cha upepo

Rehema: Sa kaka kwa tairi hizi nilizonazo kesho inakuwaje

Kaka Idi: Kesho gari lako libaki hapo. Panda basi

Rehema: Yani nimenunua fo-wili nipande basi 😭

Kaka Idi: Mpaka uvae tairi nne. Piga simu kwa fundi asubuhi na mapema, theluji ya kwanza ikishuka kila mtu anakumbuka tairi siku hiyohiyo, foleni ndefu

Shangazi Mwana: Basi linaondoka saa ngapi Rehema? Ukifika utuandikie

Rehema: Saa 11 na nusu Shangazi. Nitaandika

Ba Mdogo Salum: Idi hizo tairi za misumari zipo saizi ya pikapu langu?

Juma: Ba Mdogo huko kwako barafu iko kwenye friji tu 🤣